Samaki Tuliowala Januari

Solange mwanangu,

Mizigo yako imefungwa. Baba yako amejaribu kuinyanyua, akanung'unika kwamba umebeba mawe, na mimi nikamwambia ni vitabu, ambavyo ni vizito kuliko mawe na havijengi hata choo. Wewe umekwenda Kashikishi kuwaaga binamu zako. Nimebaki mezani na kalamu yako uliyoisahau.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za wezi wa stendi ya Lusaka. Una miaka ishirini, na ukiibiwa simu utajifunza upesi kuliko kwa barua yangu. Ninaandika kwa sababu wiki nzima sasa umekuwa ukizungumza nami kwa kupitia watu wengine. "Baba, ambia mama chumvi ilimalizika." Baba naye ananiambia, na mimi niko hapo hapo, nimeshika mwiko. Ningecheka kama jambo lenyewe lisingekuwa linaniuma.

Mwaka jana Ba Mutale alipopiga simu kusema kuna nafasi yako chuoni, nilipokea mimi, nikakataa. Nikamwambia baba yako ni mgonjwa na huwezi kuondoka. Mgonjwa mwenyewe siku hiyo alikuwa anapanda mihogo. Uliponiuliza kwa nini, nilikufokea. Mwaka huu amepiga tena, ukapokea wewe, na kesho unakwenda. Ukaniambia mbele ya wadogo zako, "Mama, weye uko na wivu tu."

Neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wivu upo, sikatai. Lakini si wivu peke yake, na sitaki upande basi ukidhani umekwisha kujua kilichotokea kati yangu na Ba Mutale, yule mwanamke.

Wewe unamjua Ba Mutale wa leo, daktari wa viumbe vya majini, mwenye ofisi na wanafunzi. Mimi nilimjua akiwa na mabuti ya plastiki na kanga iliyojaa magamba, mtaalamu mdogo wa samaki katika mradi ambao siku hizi haupo tena. Alikuja kwenye kambi yetu ya wakimbizi, katika lile darasa la turubai, akanikuta nafundisha watoto kugawanya. Unajua historia yangu: hisabati niliisomea Lubumbashi, nikaifundisha Pweto mpaka vita ikatutoa, tukashuka kwa miguu mpaka Chienge, upande huu wa Zambia, na wewe ukiwa na homa. Huku hakuna aliyetaka nijue zaidi ya kujumlisha. Halafu akaja Mzambia mmoja, Kiswahili chake cha sokoni, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza somo.

"Ba mama, banasema weye njo unajua mahesabu ya bakubwa," akasema. "Miye niko na samaki tu. Samaki mingi sana, lakini hesabu yake inanishinda. Tusaidiane."

Ningeweza kumbusu.

Alitaka jambo ambalo wataalamu wa viumbe na wataalamu wa hesabu wamekuwa wakilitafuta pamoja kila mahali: kuandika milinganyo inayoenenda kama kitu chenye uhai. Kwetu kitu chenyewe kilikuwa tilapia wa ziwa hili. Wako wangapi leo, wanazaliwa wangapi, wanakufa wangapi wenyewe, wangapi wanavuliwa, na kwa hiyo mwakani watabaki wangapi. Ukiyaeleza hivyo unadhani ni kazi ya mtoto wa darasa la nne. Tulihangaika nayo karibu miaka miwili.

Tuligombana, na ugomvi ule ulikuwa mtamu. Mimi nilitaka tilapia wote wafanane ili hesabu yangu itembee. Yeye alikuwa anakuja na samaki ndani ya ndoo, anampasua juu ya meza yangu ya chakula, ananilazimisha nitazame. "Ona huyu mama," alisema siku moja, akimfungua mdomo kwa kidole. "Batoto bake beko humu ndani. Mpaka bakomae, yeye hakule kintu. Sasa huyu utamwandika wapi?" Nikamjibu, "Nitamwandika kwa herufi moja." Akacheka mpaka akaketi chini. Lakini niliirudia hesabu yote kwa ajili ya yule samaki mwenye watoto mdomoni, na iliporudi ilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Niliandika kwa chaki nyuma ya mlango wetu, unakumbuka, na baba yako akakatazwa kuufunga kwa nguvu.

Nilikuwa na furaha, Solange. Sijawahi kukuambia. Tangu tuvuke mpaka nilikuwa mtu wa foleni, mtu wa kuitwa kwa namba, na ghafla kuna mtu aliyekuwa akinisubiri nimalize kufikiri. Alipokuwa akisema "hapana, kiumbe hai hafanyi hivyo," sikuona kwamba ananidharau. Nilimwonyesha na mimi kwamba macho yake yanamdanganya, kwamba mavuno yakiwa mengi wiki moja haina maana samaki ni wengi. Alikubali kwa shida, akiwa ameuma midomo. Ukimpata mtu wa kugombana naye namna hiyo, mwanangu, usimwache kwa sababu za kijinga. Mimi ninayekuambia hivyo ndiye niliyemwacha.

Sasa nakuja kwenye Januari.

Unajua kwamba ziwa hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae. Nyavu zinatolewa, mitumbwi inageuzwa kifudifudi mchangani, walinzi wanapita. Katika hesabu yangu miezi hiyo mitatu nilipaswa kuandika ni samaki wangapi wanavuliwa. Niliandika sifuri.

Na baba yako alikuwa anavua. Jua likizama anaingia kwenye matete na ndugu yake, hawaendi mbali, alfajiri wanarudi na samaki wa sufuria na wengine wachache wa kuuza. Hakuwa peke yake. Nusu ya ufuko ulikuwa unafanya hivyo, Wazambia kwa Wakongomani, wa Kilwa ya Kongo na wa Nchelenge ya huku, na wengine waliuza ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambako hakuna aliyewauliza. Mgao wa chakula kambini ulikuwa umepunguzwa. Nilikuwa na ninyi wanne. Sikumwambia aende, wala sikumwambia asiende. Niliwasha moto.

Siku moja ya Januari hiyo mvua ilimkamata Ba Mutale kwetu tukiwa kazini. Saa ya kula ikafika. Mgeni humfukuzi na njaa, na sikuwa na majani ya sombe wala maharagwe, nilikuwa na ugali wa bukari na tilapia wawili wabichi katika nyanya. Wabichi, Solange. Mwanamke ambaye anausoma umri wa samaki kwenye gamba lake angeshindwa kujua wametoka majini asubuhi? Niliweka sahani. Alitazama sahani, mimi nikatazama mvua. Kwetu mgeni haulizi mboga imetoka wapi, na mwenyeji hajielezi. Kwao pia ni hivyo hivyo. Akanawa mikono, akala. Alianzia kichwani, akanyonya mifupa, akasema, "Ba mama, unajua kupika." Ulikuwepo. Ulimuuliza habari za magamba, naye akakufundisha kuhesabu mistari yake kwa gamba la yule yule samaki. Nadhani ndiyo siku uliyoamua kusoma baiolojia.

Kisha tukaifuta meza, tukatandaza karatasi zetu juu yake, na kwenye karatasi imeandikwa sifuri. Tukaendelea na kazi.

Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko ninavyofikiria Mungu. Mimi nilijiambia: yeye ndiye mtu wa samaki, sifuri hii ikiwa ya uongo atasema yeye. Yeye, nadhani, alijiambia: huyu ndiye mwenye hesabu, tena anaishi hapa, kama ameandika sifuri basi ana sababu yake. Watakuambia huko kwamba shida ya kazi za watu wa fani mbili ni kutoelewana, kwamba mtu wa hesabu hajui lugha ya mtu wa viumbe. Watakufanyia semina juu ya hilo, na soda. Sisi tulielewana vizuri mno. Kila mmoja alijificha nyuma ya elimu ya mwenzake, na pale katikati, mahali ambapo hapakuwa pa mtu, tukauacha uongo ukae.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Machi ziwa lilipofunguliwa, samaki ambao hesabu ilisema watakuwepo hawakuwepo. Wakati wa kufungwa hakuna anayevua, nimeandika hivyo mimi mwenyewe, basi wamekwenda wapi? Palikuwa na shimo na shimo linataka kuzibwa. Nikatafuta kitu kilichobadilika katika miaka ile ambacho sikuwa nimekiingiza. Nikakipata: idadi ya watu kando ya ziwa, iliyopanda ghafla. Nikaipa herufi, nikaiingiza, na mstari wangu ukapita katikati ya takwimu zote za Ba Mutale kama mguu unaoingia kwenye kiatu chake. Tulishikana mikono tukaruka jikoni kama wasichana wa shule. Ninakuapia, nilikuwa naruka. Idadi ya watu iliyopanda ghafla ilikuwa sisi. Ilikuwa wewe na wadogo zako na mama Kalenga wa kibanda cha pili na wote tuliovuka pamoja. Nilikuwa nimewaandika kwa herufi moja na sikuwaona.

Walioona ni wakubwa wa mradi. Wakaitisha mkutano na watu wa kambi, na kwa kuwa mimi najua lugha, wakaniomba nitafsiri.

Nilisimama mbele. Ba Mutale alikuwa ameketi kwenye viti vya wageni, karatasi zetu mapajani. Mkubwa mmoja alizungumza kwa Kiingereza, sauti ya upole kabisa, na mimi nikawaambia watu wetu: "Banasema samaki inapungua sababu ya batu ba kambi. Banasema mitumbwi ya bakimbizi itoke ku maji." Halafu mzee mmoja wa Moba akasimama na kofia yake mkononi, akauliza, "Na ni nani alihesabu?" Nikatafsiri swali. Mkubwa akajibu, nikatafsiri jibu: "Ni hesabu ya mradi."

Baba yako alikuwa kwenye benchi la pili. Alijua ni nani alihesabu, mlango wake ulikuwa umejaa chaki. Alitazama miguu yake mpaka mkutano ukaisha.

Nilimfuata Ba Mutale kwenye gari. "Mutale," nikamwambia, bila hata kumpa 'Ba' yake ya heshima, "ulikula ku meza yangu. Ulijua."

Akasema, "Eya, nilijua. Na weye ulipika, ba mama. Ulitaka niseme nini mule ndani? Nisimame niseme bwana yako anavua Januari? Bamufunge?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo, na hiyo ndiyo sababu ninamchukia. Angekuwa mwongo tu ningemsahau. Alininyamazia kwa wema, nami nilimnyamazia kwa woga, na wema wake na woga wangu vikawanyima watu mia wasio na habari mkate wao. Gari likaondoka. Baadaye akapata nafasi ya kusoma ng'ambo kwa kazi ile ile ya mlango wangu. Nilisikia kwamba mwishoni mwa tasnifu yake aliwashukuru wenyeji wa Nchelenge. Jina langu halimo. Nilishukuru Mungu kwamba halimo, kisha nikalia kwa hasira kwamba halimo, siku hiyo hiyo moja. Huo ndio wivu wangu, uchukue, ni wako sasa.

Mengine unayajua. Mitumbwi ilikokotwa ikapangwa juani mpaka ikapasuka. Baba yako, ambaye tangu utoto hakuwahi kushika jembe zaidi ya kuchimba chambo, akawa mkulima, na mwaka wa kwanza tulikula majani kama mbuzi. Samaki hawakurudi. Wangerudije? Januari iliyofuata matete yalikuwa yamejaa watu kama kawaida, tofauti ni kwamba sisi hatukuwemo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema Waswahili. Sisi tulikuja, na mwenyeji akapona kweli, maana alipata wa kumtupia lawama. Na silaha alipewa na mimi.

Mama Kalenga bado ananiita mwalimu. Anainama kidogo anaponisalimu.

Usidhani ninakuandikia ili uogope hesabu, au uogope wenzako. Nina jambo moja la kazi nataka ulijue, na nililijua nikiwa nimechelewa. Mimi nilidhani nina njia mbili tu, kuandika sifuri au kumpeleka baba yako gerezani. Palikuwa na ya tatu, na ilikuwa katika fani yangu mwenyewe. Ningeandika herufi moja ndogo: katika miezi ya kufungwa kuna kiasi fulani kinachovuliwa, hatukijui, tukitafute. Sikuhitaji kumtaja mtu. Polisi hawezi kuikamata herufi. Takwimu za Ba Mutale zingetuambia ukubwa wake, na ungeonekana ni wa ufuko mzima, wa mwenyeji na wa mgeni, wa pande zote mbili za maji. Nilishindwa kuiandika kwa sababu angeniuliza, "Umejuaje?" Niliogopa swali la rafiki kuliko nilivyoogopa kukosea. Nilisoma miaka mingi ili nijue kuandika nisichokijua, na siku ilipohitajika nikaandika uongo ninaoujua.

Huko utakuwa wewe ndiye mtu wa samaki, na watakuletea vijana wa hesabu, wasafi, wenye haraka. Watakuuliza namba. Ukiona mmoja ameandika sifuri mahali ambapo umekula, mwambie papo hapo, hata kama sahani bado iko mezani. Ataudhika. Muudhi.

Na kuna jambo la mwisho, ambalo sikutaka kukuambia kabisa.

Wiki iliyopita Ba Mutale alipiga simu tena, safari hii akinitafuta mimi. Hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Alisema kikundi chake kinataka kuirudia hesabu ya ziwa lote tangu mwanzo, watu wa hesabu na watu wa viumbe pamoja, na kwamba safari hii ataanza na Januari. "Ba mama," akasema, "nataka Solange njo aanze nayo. Batu ba kwenu hawatamwambia mutu mwingine." Nikamkatia simu.

Nilikasirika mpaka nikavunja kikombe. Baada ya miaka yote hii, sasa ndipo anapata mdomo! Na mtu wa kumtuma ni mtoto wangu! Halafu hasira ikapungua na nikaona woga wangu wa zamani umeketi pale pale. Kazi yako ya kwanza katika maisha yako itakuwa kuandika kwamba baba yako alivunja sheria. Watu wataisoma. Walio kambini wataisoma, na watajua pia kwamba aliyesimama mbele yao akitafsiri ndiye aliyehesabu. Nilifikiria kuficha simu yako. Nilifikiria tena ugonjwa wa baba, na safari hii ningeufanya uwe wa moyo.

Mwishowe nilikwenda shambani nikamweleza yeye mwenyewe. Alilima tuta mpaka likaisha, akasimamisha jembe, akajifuta uso kwa shati. Nikamwambia kwamba akikataa, nitakupigia magoti usiende.

"Aandike tu," akasema. "Tulivua, haiko bongo, ni kweli. Lakini aandike na ile njaa yetu."

Nenda, mwanangu.

Mama yako